Kulijaribu Gari la Familia Kabla ya Kulilipia
Maneno ya mazungumzo na wazazi na walezi wa Moshono, Arusha



Nimeombwa nizungumze juu ya ununuzi wa gari la familia. Nimeona nisizungumze juu ya ununuzi wote, maana tutakesha hapa. Nitazungumza juu ya sehemu yake moja ndogo, ile saa ambayo mnunuzi anapewa ufunguo na kuambiwa, "Haya, lijaribu." Wengi wetu saa hiyo huifanya dakika tano. Tunalizunguka gari, tunapiga tairi kwa ncha ya kiatu, tunaketi nyuma ya usukani, tunakwenda mpaka njia panda na kurudi, kisha tunaanza kupatana bei. Wapo hata wanaoona haya kuomba zaidi, wakidhani muuzaji atawaona wasumbufu.

Haya hiyo ina gharama kisheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mtu anayenunua bidhaa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za namna hiyo: bidhaa hiyo yapasa iwe na ubora unaostahili kuuzwa sokoni. Lakini kifungu hicho hicho kina sharti lake. Iwapo mnunuzi ameikagua bidhaa, ulinzi huo haugusi kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Maana yake ni kwamba aliyekagua kijuujuu yumo katika hali mbaya. Amekwisha kukagua, kwa hiyo hawezi kusema hakuona mlango usiofunga wala mkanda uliokatika. Na anayenunua kwa jirani au kwa mtu binafsi asiyefanya biashara ya magari, ulinzi huo wa ubora haupo kwake kwa kiasi kile. Huyo ana sababu zaidi ya kulijaribu gari kwa makini.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, nayo inakataza mfanyabiashara kutoa kauli za uongo au za kupotosha juu ya bidhaa anayouza. Ndiyo maana nitawasihi muulize maswali yenu kwa sauti, na majibu yakiwezekana myapate kwa maandishi, japo kwa ujumbe wa simu.

Sasa tuje kwenye magari yenyewe. Familia ya watu sita au saba hapa kwetu ikitafuta gari, mara nyingi huishia kwenye Noah, au nduguye Voxy, au Alphard kwa mwenye uwezo zaidi. Sina neno la kuyasifu wala kuyaponda. Nataka tu mjue kwamba jina Noah linabeba magari yasiyofanana. Zile za kwanza, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, injini yake iko chini ya viti vya mbele, na fundi akitaka kuifikia huinua kiti. Kuanzia mwaka 2001 injini imehamia mbele kama ya magari mengine. Atakayekwambia "vipuri vya Noah vipo kila duka" muulize, Noah ipi?

Jambo jingine ambalo watu wa mkoa huu tunalijua kuliko wengine: Noah kwa miaka mingi zimebeba abiria. Gari lililofanya kazi hiyo kwenye vumbi na makorongo, likajazwa watu kuliko viti vyake, linaweza kupigwa rangi, kuvishwa makava mapya na kuletwa kwenu kama gari la nyumbani. Namba nyeupe za biashara hubadilishwa kuwa njano za gari binafsi, na kubadilisha huko kukifuata utaratibu si kosa. Kosa ni kumficha mnunuzi. Kadhalika msidanganyike na herufi za namba. Gari la "namba E" limesajiliwa Tanzania baadaye kuliko la "namba D", basi. Herufi hiyo haisemi gari lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi ya gari, na namba ya chesesi iliyo kwenye kadi sharti ilingane na iliyogongwa kwenye bodi. Ikaguliwe kwa macho, tarakimu kwa tarakimu.

Kwa idhini yake nitawasimulia habari ya mama mmoja wa hapa hapa Moshono, mwalimu, ambaye aliniomba niandamane naye siku ya kulijaribu gari. Ana watoto wanne, na anaishi na mama mkwe wake, mzee mwenye maumivu ya magoti ambaye hupelekwa kliniki kila mwezi. Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa mkopo wa SACCOS, wa kukatwa katika mshahara kwa miaka mitatu. Kwa hiyo gari likiharibika mwezi wa pili, makato yangeendelea miezi thelathini na minne mingine huku familia ikirudi kwenye daladala na bodaboda. Hilo ndilo lililomfanya asione haya.

Muuzaji, ambaye sitamtaja, alikuwa na Noah ya rangi ya fedha ya mwaka 2005. Alisema ilikuwa ya mtu mmoja tu, mtumishi aliyeitumia kwenda kanisani na sokoni. Nimefanya kazi hii kwa muda, na nimeanza kujiuliza ni watumishi wangapi nchini wanaokwenda kanisani na sokoni tu.

Mwalimu alifika saa moja asubuhi, kabla ya saa waliyopatana, akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi, na hivyo ndivyo alivyotaka. Injini iliyowashwa kabla hujafika huficha ugumu wake wa kuwaka na moshi wake wa kwanza. Ufunguo ulipozungushwa hatua ya kwanza, alitazama dashibodi: taa ya injini iliwaka, kisha ikazimika baada ya injini kuwaka. Taa hiyo isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa ili isiseme. Moshi ulikuwa mweupe kidogo, ukatoweka. Kwa asubuhi za Juni na Julai huku chini ya Mlima Meru mvuke wa namna hiyo si ugonjwa. Ugonjwa ni moshi wa buluu, ambao ni oili inayoungua, au mweupe usiokoma wenye harufu tamu, ambao ni maji ya rejeta yanayoingia injini.

Kisha akafanya jambo ambalo muuzaji hakulitegemea. Aliita familia yake yote, waliokuwa wakisubiri ng'ambo ya barabara.

"Mwalimu, hawa wote wa nini? Gari si bado hujanunua?" muuzaji aliuliza.

"Kaka, mimi nitaliendesha peke yangu siku ngapi kwa mwaka?" alijibu. "Hawa ndio wenye gari."

Ndugu zangu, katika jambo hili nitakawia kidogo, maana hapa ndipo gari la familia linapotofautiana na gari la mtu mmoja. Kiti cha dereva ndicho kizuri kuliko vyote katika kila gari, na ndicho mnunuzi anachokaa. Viti vya safu ya tatu havijaribiwi na mtu. Mwalimu aliwaamuru watoto wapande wenyewe bila kusaidiwa, kila mmoja kwenye nafasi yake ya kila siku, nao wajifunge mikanda. Mtoto wa kwanza, kijana wa darasa la saba, alikaa nyuma kabisa, magoti yakamfika kifuani. Hilo lilimwonesha mama kwamba baada ya miaka miwili kijana huyo hatakaa pale. Begi za shule nne zilipowekwa nyuma ya safu ya tatu, mlango wa nyuma ulikataa kufunga. Viti vya safu hiyo hukunjwa na kuinuliwa pembeni, ndipo nafasi ya mizigo ipatikane, lakini ukivikunja huna tena gari la watu wanane. Anayetaka kubeba watu wanane na gunia la mahindi kwa siku moja, hilo halipo. Afadhali alijue kabla ya kulipa.

Mama mkwe naye alipanda. Sakafu ya gari ilikuwa juu kuliko goti lake linavyoweza kuinuka, na mpini wa kushikia ulikuwa umeng'oka. Alipanda kwa kuvutwa mkono. Hakusema neno, lakini mwalimu aliandika kwenye daftari lake.

Kisha mikanda. Watoto wawili walisema hawaioni. Ilikuwa imeshonewa chini ya makava. Mwalimu aliomba makava yavuliwe, muuzaji akasema yatachanika, mwalimu akasema basi atasubiri mpaka yafunguliwe taratibu. Yalipofunguliwa, mkanda mmoja ulikuwa umekatwa, na kwenye sakafu, mahali pasipokuwa na kiti, palikuwa na matundu manne ya bolti. Hapo palifungwa kiti cha ziada zamani. Gari la mtumishi wa kanisani na sokoni lilikuwa limebeba abiria.

Sitaki kulipita suala la mikanda upesi. Watu wa Arusha hatuhitaji kufundishwa maana ya watoto na barabara. Mei 6, 2017, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, wakafa watu 35: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Sisemi kwamba mkanda mmoja ungebadili yaliyotokea siku ile. Nasema kwamba gari la watu wanane lenye mikanda sita ni gari la watu sita, na bei yake ipatanwe hivyo, au mikanda irejeshwe kabla ya fedha kutoka. Mtoto anayepakatwa kiti cha mbele hana kinga yoyote. Breki ya ghafla humtupa mbele, na uzito wa aliyempakata humfuata.

Tukaondoka. Muuzaji alitaka tuelekee moja kwa moja kwenye lami. Mwalimu alitaka kuanza na barabara ya mtaani kwake, ile ya mawe na vumbi jeusi ambayo masika hugeuka tope. Nakubaliana naye kabisa. Gari lijaribiwe kwenye njia litakayoishi. Redio ilizimwa, vioo vikateremshwa, mwendo ukawa wa polepole. Hapo bushi zilizokwisha na shokapu zilizochoka hugonga zenyewe, fundi hahitajiki. Kwenye matuta alipita mara mbili, mara moja akiwa mtupu na mara moja akiwa na watu wote, na mara ya pili sehemu ya nyuma iligusa chini. Njia panda iliyo mteremkoni alisimamisha gari likiwa limeelekeza pua chini, akafungua mlango wa pembeni wa kuteleza. Mlango ulitakiwa ujishike ukiwa wazi. Haukujishika, ukarudi wenyewe kwa kishindo. Kwenye uwanja tambarare wa muuzaji kasoro hiyo isingeonekana kamwe, na vidole vya mtoto wa miaka minne havijui tofauti ya tambarare na mteremko.

Baada ya hapo ndipo tukashika lami, kisha tukapanda mlima upande wa Sekei. Mpaka hapo gari lilibadili gia vizuri. Dakika ya ishirini na tano hivi, injini na gia boksi zikiwa zimepata joto kamili, watu saba ndani, kwenye kilima, gari lilianza kuchelewa. Injini ilinguruma, mwendo haukuongezeka, kisha gia ikaingia kwa mshtuko. Ilifanya hivyo mara tatu. Muuzaji alisema, "Noah ndivyo zilivyo." Si kweli. Gia otomatiki nzima hubadili bila kukushitua, iwe baridi au moto. Gia boksi iliyochoka mara nyingi hujificha ikiwa baridi, na ndiyo sababu mzunguko wa dakika tano mpaka njia panda humnufaisha muuzaji peke yake.

Tuliporudi, mwalimu aliegesha gari mahali pakavu na kusubiri dakika kumi, kisha akainama kutazama chini. Palikuwa na maji safi yaliyotoka kwenye kiyoyozi, hayo hayana neno. Kando yake palikuwa na matone mekundu ya mafuta ya gia. Akasoma pia tarehe za tairi. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka. Tarakimu 2315 maana yake juma la 23 la mwaka 2015. Tairi zilikuwa na kashata nzuri bado, ila zilikuwa nzee, na mpira uliozeeka hupasuka hata ukiwa na kashata. Kipima kilomita kilisoma 98,000, huku mpira wa pedali ya breki ukiwa umelika mpaka chuma na usukani ukiwa laini kama jiwe la mtoni. Kipima kilomita hurudishwa nyuma kwa urahisi. Pedali hairudi nyuma.

Alirudisha ufunguo. Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza, maana wiki moja kabla alikuwa ametoa shilingi 500,000 ili gari lisiuzwe kwa mwingine, na muuzaji akasema fedha hiyo hairudi. Risiti haikusema neno lolote juu ya kurudi au kutorudi. Kilichomwokoa ni ujumbe wa simu aliouandika siku ya kulipa: "Nimetuma laki tano ulishikilie gari mpaka nilijaribu, nisiporidhika utanirudishia." Muuzaji alikuwa amejibu, "Sawa mwalimu." Maneno mawili. Tulimsaidia kuandika barua yenye nakala ya ujumbe ule, akieleza pia kauli ya "mtu mmoja, kanisani na sokoni" na matundu ya sakafuni. Fedha ilirudi baada ya siku kumi na mbili, pungufu kwa elfu hamsini ambazo muuzaji alidai ni za mafuta. Mwalimu aliziacha. Mimi nisingeziacha, lakini mkopo ulikuwa wake na muda ulikuwa wake.

Baada ya miezi miwili alinunua Noah nyingine kwa mtu binafsi, ya zamani zaidi kwa mwaka mmoja, yenye rangi iliyofifia na mikanda minane. Mama mkwe hupandia kigoda cha mbao ambacho hukaa chini ya kiti.

Kuhusu karatasi nitakwenda haraka, maana wengi mnazijua. Gari lisitoke barabarani kujaribiwa bila bima. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na uhalali wake huhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Jeshi la Polisi lina mfumo wa kuangalia faini zinazodaiwa gari. Uangalieni kabla ya kulipa, muuzaji azimalize mwenyewe. Kadi iwe halisi, si nakala, na jina lililomo liwe la anayeuza au awe na idhini ya maandishi. Mkataba wa mauziano ufanyike mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki upelekwe TRA mapema. Anayenunua kwa mfanyabiashara adai risiti ya EFD yenye bei kamili. Mkishawishika kukubali risiti ya bei ndogo ili kupunguza kodi, mjue kwamba siku ya ugomvi ndiyo bei mtakayoweza kuithibitisha.

Mzee mmoja aliyeketi pale nyuma ameniletea swali kwa karatasi kabla sijaanza, nami naona ni swali zuri: je, anayeagiza gari Japani afanyeje, kwa kuwa hawezi kulijaribu? Wengi wanaagiza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8. Kwetu gari kuukuu linaruhusiwa, ila umri ukizidi ushuru nao huongezeka, na TRA ina kikokotoo katika tovuti yake ambacho kila mtu aweza kukitumia kabla ya kuagiza. Kwa magari ya mnadani, ombeni karatasi ya mnada, si picha za gari peke yake. Karatasi hiyo ina daraja la gari na mchoro wa bodi. Herufi R mahali pa daraja huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa, na herufi W kwenye mchoro ni mahali palipofanyiwa ukarabati. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi zilinganishwe na zilizo kwenye dashibodi siku gari linapofika. Shirika la Viwango, TBS, nalo husimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Hakikisheni cheti cha ukaguzi kinataja namba ya chesesi ya gari lenu.

Hata hivyo hakuna karatasi itakayokuambia iwapo kijana wako atakaa safu ya tatu, wala kama mama ataweza kupanda. Kwa hilo mzee atafute jirani, au muumini mwenzake, mwenye gari la aina ile ile na la miaka ile ile, amwombe safari moja. Mafuta ajaze mwenyewe. Na achague siku ambayo watoto hawako shuleni, na mama yumo nyumbani.